Askari Wangu wa Mawaridi

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa kilimo katika shule moja ya sekondari upande wa Ahero. Nyumbani kwetu Manyatta, mke wangu alikuwa na mawaridi mawili kwenye makopo ya rangi, dirishani. Yalikuwa mazima kabisa mpaka nilipoamua kumletea la tatu. Nililinunua Katito, nikalipachika katikati ya yale mawili bila kugeuza hata jani moja.

"Umeliangalia vizuri?" mke wangu aliuliza.

"Mimi ndiye mwalimu wa kilimo," nikamjibu.

Baada ya wiki mbili machipukizi yote yalijaa vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza utomvu mpaka majani yanajikunja. Mke wangu alitaka kuyaosha kwa maji ya sabuni. Nikaona hiyo ni kazi ya watu wasio na diploma. Jumatano nikapuliza dawa kali, tukashinda nje tukikohoa. Vidukari walipungua, hawakwisha.

Ijumaa nikapata wazo bora zaidi. Kwenye maharagwe ya shule kulikuwa na wale wadudu wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, ambao chakula chao ni vidukari. Nilijaza chupa ya jemu, nikawaachilia juu ya mawaridi.

"Hawa ni askari," nilimwambia mke wangu. "Kesho utaona."

Kesho yake mkuu wa shule alipita kutusalimu. Nilimketisha karibu na dirisha makusudi, nikaanza kumhutubia kuhusu askari wangu. Sijafika mbali, mmoja akaanguka ndani ya chai yake. Wa pili akatua kwenye mkate, chali, miguu juu.

Mkuu alimtoa yule wa chai kwa kijiko, akamtazama. "Mwalimu, ulipuliza dawa hapa?"

"Ndiyo, Bwana Mkuu. Jumatano."

"Na si wewe unayewafundisha kidato cha pili kwamba dawa haichagui mdudu?"

Mke wangu alikimbilia jikoni. Nilimsikia akicheka, leso mdomoni.

Mawaridi aliyaokoa yeye. Kwa wiki kadhaa aliyaosha jani kwa jani, juu na chini, kisha akayasuuza. Dawa ilipoisha nguvu, aliniruhusu kuleta askari kumi tu, jioni, akafunika makopo kwa kipande cha chandarua wasirukie dirishani. Hao walikula kweli. Siku moja nikaona vidude vyeusi vyenye miguu sita vikitambaa kwenye shina. Nikaviponda viwili kabla mke wangu hajanishika mkono.

"Hao ni watoto wao, Baba!"

Alikuwa amekisoma kitabu changu cha kufundishia, ambacho mimi sikukifungua tangu nitoke chuoni.

Tangu hapo kila ua jipya lilikaa barazani wiki mbili, likikaguliwa chini ya majani, kabla ya kuingia ndani. Mkaguzi hakuwa mimi.