Fungu Langu la Wanyama Wadogo

Shule niliiacha darasa la pili na sijawahi kuililia. Nyumba ninayoandikia haya niliijenga kwa mitumba, tangu miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mgongo akaweza kubeba belo lake bila kuulizwa. Kabla ya hapo nilikuwa mbeba magunia kwenye ghala la ushirika. Ghala lilipofungwa wenzangu walikaa kulaumu, mimi nikaenda kutafuta belo la makoti. Songea mwezi wa sita na wa saba kuna baridi ya kutafuna masikio, na koti linajiuza lenyewe. Natanguliza haya ili msomaji ajue kwamba anayemsimulia habari za karata si mtu wa kupoteza muda.

Karata zenyewe zililetwa na kijana wa Kizungu aliyekuwa anafundisha hesabu sekondari kwa mkataba. Alikuja kwenye kibanda changu pale Mfaranyaki kununua koti. Aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, tukapatana bei, kisha akaomba kukaa kwenye benchi langu amsubiri fundi viatu wa jirani amalizie kiatu chake. Akatoa karata mfukoni, akaanza kuzipanga juu ya goti. Nilidhani ni za arubastini. Nilipochungulia nikaona mnyama mwenye mabawa ya popo na mikono ya binadamu, ameshika taa.

Nikamuuliza huyu ni nani. Akasema hana jina la Kiswahili. Nikamuuliza anafanya nini. Hapo kijana akasogea karibu, fundi viatu akamaliza kiatu, na kiatu kikakaa pale mpaka jua likaanza kushuka.

Mchezo ni hivi. Kila mmoja ana roho ishirini. Kutoka kwenye sanduku la karata unajipangia fungu lako, mashamba na wanyama, unashika chache mkononi na kila zamu unaokota nyingine. Shamba ukiliweka mezani linakupa nguvu, na kwa nguvu hiyo unamleta mnyama. Mnyama anakwenda kumpunguzia mwenzako roho, au anabaki nyumbani kukulinda. Wanaokufa wanawekwa pembeni kwenye rundo la mwenyewe, tuliloliita kaburi. Roho zikikuishia, umeshindwa. Chini ya kila picha kuna maandishi ya Kiingereza yanayoeleza uwezo wa mnyama huyo. Mimi sikuweza kuyasoma, kwa hiyo mwalimu alinisomea kila karata mara moja na mimi nikaishika kwa picha yake. Kichwa changu shule haikukijaza, nafasi ilikuwepo.

Haikupita muda tukawa kundi dogo la Jumamosi mchana, kwenye meza yangu ya kupangia nguo: mimi, mwalimu, karani mmoja wa benki, na dereva wa lori la mahindi ambaye alikuwa akiegesha mbele ya kibanda changu kusubiri mzigo. Dereva alikuwa Mhehe na mimi Mngoni, yaani mtani wangu. Babu zetu walipigana sana, sisi tukabaki na matusi. Yeye akifika husema, “Kamwene, mla panya,” nami namjibu, “Karibu, mla mbwa, chunga mbwa wa jirani.” Na kwa kuwa kwa desturi kazi za msibani ni za mtani, alijipa mwenyewe kazi ya kuzika. Mnyama wangu akifa mezani, yeye ndiye aliyemnyanyua kwa vidole viwili, akamlilia kwa sauti ya mwanamke mzee, akamlaza kaburini. Mwalimu alicheka mpaka akatoa machozi, akatuacha tuendelee.

Mwanzoni nilishindwa na kila mtu. Nilichagua majitu, kama dereva alivyofanya, kwa sababu nani asiyependa jitu? Lakini jitu linataka mashamba mengi. Unakaa unalisubiri, mwenzako anakupiga. Likitoka, mwenzako ana karata moja ya kulimaliza, basi, mavuno ya msimu mzima yamekwenda kaburini. Nikabadilisha. Nikachukua wanyama wadogo wenye faida: bibi mwenye kapu, ambaye akiingia mezani unaokota karata nyingine, ndege ambaye akiingia anakuletea shamba, mbuzi ambaye akifa anaacha mtoto. Meza yangu ikajaa kama zizi la tajiri. Nikashindwa tena, maana nilikataa kuwapeleka vitani. Nimelelewa kwamba mfugo hauchinjwi ovyo. Niliwatazama wamekaa pale, wameshiba, na dereva akapita juu yao na majitu yake.

Hilo lilinikera kuliko kushindwa kwenyewe. Nilijua kuna kitu ndani ya wale wadogo, ila sikujua mlango wake uko wapi. Nikabeba karata chache nyumbani, nikazipanga kwenye mkeka. Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Kwanza alisema mtu mzima na rozari yake shingoni analala na mashetani ya karatasi. Halafu, kwa kuwa naye ana udadisi wake, akaokota yule bibi mwenye kapu akauliza anafanya nini. Nikamweleza. Akauliza, “Na akishafanya hivyo, anabaki wa nini?”

Nikamwambia anabaki tu.

“Sasa si afe?” akasema. “Kuku akifa hajataga, hiyo hasara. Akifa ameshatotoa, hicho kitoweo. Wewe unamlilia kuku aliyetotoa.”

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi nikaziweka karata chini, kwa sababu alichosema ndicho nilichokuwa nafanya kibandani kila siku bila kukipa jina. Belo likifunguliwa, makoti mazuri ya juu yanarudisha mtaji siku ya kwanza. Baada ya hapo kila nguo inayotoka, hata kwa bei ya kutupa, ni faida, na matambara ya mwisho kabisa nampelekea fundi magari ya kufutia oili. Hakuna kinachotoka mikononi mwangu kitupu. Bibi mwenye kapu ameshanipa karata alipoingia. Akienda kufa pamoja na mnyama wa mwenzangu, mimi nimetoa mmoja aliyekwishalipa, yeye ametoa mmoja mzima. Fanya hivyo mara nyingi, mwenzako anabaki mikono mitupu na wewe bado una karata.

Nikaanza kulipanga fungu upya kwa maswali mawili. Mnyama huyu akiingia analeta nini? Akifa anaacha nini? Aliyekosa majibu yote mawili nilimrudisha sandukuni, hata angekuwa na meno ya kutisha namna gani. Nilimweka mhunzi, anayeingia na nyundo yake na kuua mnyama mmoja wa mwenzako. Nilimweka mbwa mwekundu, anayenusa mkono wa mwenzako na kumlazimisha atupe karata. Juu yao wote nilimweka mzee mwenye jembe. Huyo akiingia anafukua mmoja kaburini na kumrudisha mezani, na aliyerudishwa anafanya kazi yake upya. Karani aliliangalia fungu langu akasema ni kundi la wakimbizi. Wiki ile wakimbizi wakampiga.

Mwalimu bado alinipiga, tena mara nyingi. Alinionyesha kwamba ukijaza wa kuleta faida tupu, hutakuwa na wa kumaliza kazi. Nikapunguza bibi mmoja, nikaongeza nyati wawili. Niliyapenda masomo hayo. Sikumbuki kupenda somo lingine lolote.

Kisha mkataba wake ukafika mwisho. Akatuambia sanduku lote atamwachia mmoja wetu, kwa shindano, naye atacheza tu kutimiza wanne. Mafungu yetu yote yalitoka kwenye sanduku lile, hata la kwangu nilikuwa nimeazima tu. Na dereva alikuwa anahamishwa, tajiri wake anampeleka njia ya Iringa. Akishinda yeye, sanduku linapanda lori, meza ya Mfaranyaki inabaki ya kukunjia suruali, na mimi nabaki na maswali yangu bila mtu wa kumuuliza. Ndani ya sanduku kulikuwa na tabaka za chini ambazo sikuwahi kuzifikia.

Siku ya shindano nilifunga kibanda mapema, jambo ambalo sikulifanya hata kwa malaria. Dereva alimtoa karani, mimi nikapata bahati nikamtoa mwalimu, ambaye mashamba yalimkatalia. Tukabaki watani wawili. Mwalimu akawa refa, na watu wa vibanda vya jirani wakasogea kuona.

Dereva alianza kwa nguvu. Jitu la kwanza lilinifikisha roho nne, ndipo mhunzi wangu akalipata. Mhunzi akafa kwa jitu la pili, naye dereva akamzika kwa kilio kirefu. Lakini alikuwa ameshatoa kila alichonacho. Mkononi hakuwa na karata hata moja, mezani lilibaki jitu lile moja, na roho zake zilikuwa chache. Mimi nilikuwa na nyati wangu, mbuzi, na mkononi karata tatu. Nikaweka moja mezani: mzee mwenye jembe. Nikanyoosha mkono kaburini kumchukua mhunzi.

Dereva akaweka kiganja chake kizima juu ya kaburi langu.

“Hapa hapafukuliwi bure,” akasema. Uso wake ulikuwa wa msiba kabisa. “Nimezika mimi. Nilipwe.”

Vibanda vyote vikaanza kunong’ona. Kila mtu pale aliwahi kuona mtani akishuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Mwalimu akasema hapana, hilo halipo kwenye sheria za mchezo, atoe mkono. Karani naye akaniinamia akasema, “Mzee, refa ameshasema. Chukua karata yako umalize.”

Angekuwa Mngoni gani huyo, anayemwita mgeni amtoe mtani wake kaburini? Kwa utani, ukikasirika umekwisha. Lakini nikilipa vibaya, sanduku linakwenda Iringa. Nikamuuliza anataka nini. Akasema karata moja ya mkononi, haitarudi.

Nilikuwa nimebaki na mbili, bibi mwenye kapu na mbwa mwekundu. Watu walidhani naumia. Mimi nilikuwa najiuliza maswali yangu mawili tu. Bibi akiingia ananipa karata, huyo bado hajalipa. Mbwa akiingia ananusa mkono wa mwenzangu. Na mkono wa mwenzangu ulikuwa na nini? Vidole. Mbwa yule, siku ile, saa ile, alikuwa tambara la oili.

Nikamlaza mbwa mbele yake. “Chukua kitoweo,” nikasema.

Fundi viatu ndiye aliyeanza kucheka, kisha kila mtu, hata mama muuza vitumbua wa ng’ambo ya barabara ambaye hakuona chochote. Dereva aliishika ile karata, akaitazama picha, uso wa msiba ukamponyoka. Akacheka mpaka akaegemea meza, na kiganja kikaondoka. Nilimfukua mhunzi. Mhunzi akaliangusha jitu. Nyati akapita na mbuzi akifuata, zamu ile na iliyofuata, na roho za dereva zikaisha.

Alinyanyuka akalibeba sanduku mwenyewe, akaliweka juu ya makoti yangu. “Nimekuzika mara ngapi, Mngoni,” akasema, “na hukai ndani.” Yule mbwa akamtia mfukoni mwa shati, maana malipo ni malipo, akaenda kupakia mahindi. Mwalimu aliniuliza kama nitamdai dereva ile karata. Nikamwambia bado ana mambo mengi ya kujifunza Songea, pole sana kwamba anaondoka.

Kesho yake baada ya misa mwalimu alikuja nyumbani. Basi lake lilikuwa Jumatatu. Tukaweka sanduku kwenye mkeka, tukalifukua mpaka tabaka za chini, yeye anasoma, mimi nashika picha, mke wangu anapita na chai na kujifanya hasikilizi. Kulikuwa na samaki wanaotembea, na mti unaokula watu. Karibu na sakafu ya sanduku akatoa karata moja, akaisoma, kisha akaisoma tena. Picha yake ilikuwa kiumbe kisicho na mdomo wala miguu, kimelala juu ya paa la nyumba.

“Huyu hapigi,” akasema. “Hapigwi pia. Akiingia haleti kitu, na wala hafi.”

Nikamuuliza sasa anatumika wapi. Akasema ana karata hiyo tangu utoto na hajawahi kujua.

Nikaichukua, nikaipeleka mlangoni kwenye jua niione vizuri. Kile kiumbe kilikuwa na jicho moja, nusu limefumbwa. Mke wangu akaja akasimama nyuma ya bega langu na birika mkononi. Nikamwambia mwalimu asome tena, polepole, neno kwa neno.