Siku Tuliyomzika Wifi Bila Mheshimiwa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu zangu na wenzao, someni mpaka mwisho ndipo mseme. Mmeambiwa mimi ndiye kikongwe mkorofi aliyewanyima watoto wa shule madawati. Mmeambiwa upande mmoja. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kuandika naweza, na nitaandika yaliyotokea.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alifundisha darasa la kwanza katika shule ya serikali mpaka ugonjwa ulipomlaza. Tuliishi nyumba moja hapa Bukoto, na sikumpenda. Sitadanganya kwa sababu amekufa. Alikuwa mbishi, hapiki, na chakula changu alikisahihisha kama daftari la mtoto. Kila jioni alikaa jikoni kwangu na wembe, akikata penseli moja vipande viwili ili watoto wawili wapate kuandika. Zile taka za penseli zilinifuata mpaka kwenye wali.

"Wifi, leo tunakula mbao?" nilimwuliza.

"Kula tu, wifi. Huenda zikakuingizia akili ya darasa la nne."

Walitaka kumpandisha afundishe wakubwa, akakataa. Alisema mtoto akiharibiwa darasa la kwanza, walimu wa mbele wote watashinda wakitengeneza. Darasa lake halikuwa na madawati. Watoto walikaa kwenye saruji, naye alipiga magoti kati yao akiwashika mikono waandike, siku nzima, mpaka magoti yakaota sugu. Nilimtania kwamba watu watamdhania walii. Kila muhula aliandika barua kuomba madawati. Nikamwambia anaharibu karatasi. Akaandika nyingine.

Alifariki hospitalini Mulago, alfajiri. Ilipofika saa nne tulikuwa naye nyumbani, maji ya kumwosha yako tayari, kaburi linachimbwa. Sisi Waislamu maiti hatumweki. Adhuhuri ikiswaliwa, tunakwenda. Ndipo akaingia mwalimu mkuu na rundo la ratiba alizochapisha kule mtaa wa Wandegeya, karatasi bado zina joto. Mazishi, keshokutwa. Hotuba, saba. Jina la mheshimiwa mmoja liko juu kwa herufi nene, jina la wifi liko chini yake, dogo.

"Jaja, pole sana," akasema, akiniita bibi kama wanavyoniita wote hapa. "Mheshimiwa yuko safarini. Amesema lazima aje mwenyewe amheshimu mwalimu."

"Na mwalimu alipokuwa hai, yeye alikuwa kwenye safari gani?"

"Jaja, bambi, tafadhali nisikilize. Akisimama hapa mbele ya kamera ataahidi madawati. Yaleyale mwalimu aliyoomba miaka yote. Tungoje siku mbili tu."

Mwanangu mkubwa, ambaye kusoma alifundishwa na shangazi yake huyo, akaninong'oneza: "Mama, shangazi mwenyewe angengoja."

Hilo ndilo lililonikasirisha, maana lilikuwa kweli. Wifi angelala kwenye barafu wiki nzima kwa ajili ya dawati moja. Angewaacha wamsimamie kichwani wakisema uongo wao, ilimradi watoto wainuke sakafuni. Nikamgeukia mwalimu mkuu.

"Barua zake ulizisoma?"

"Nilizipeleka juu, jaja."

"Zikajibiwa?"

Akaanza kunyoosha pembe za ratiba zake.

"Basi sikiliza. Maisha yake yote mmemfanya aombe. Hamtamfanya aombe na sanda mwilini. Mheshimiwa akitaka kutoa madawati, shule haijahama. Kama haijui, mpeleke wewe."

"Jaja, watoto watakulaumu."

"Wanilaumu. Zamu ya kulaumiwa ilikuwa yako, ukaikwepa."

Akakusanya ratiba zake, akaondoka bila kuaga. Nikaingia ndani kumwosha wifi yangu kwa mikono yangu, na baada ya adhuhuri tukamzika. Spika hazikuwepo, hotuba hazikuwepo. Wanawake wa sokoni walikuja na aproni zao, watoto wao mgongoni. Mmoja aliuliza nani sasa atashika darasa la kwanza.

Madawati hayajafika. Mheshimiwa hakuonekana shuleni wala hapa, ila alituma picha ya wifi kwenye simu za watu na salamu za rambirambi, na hata jina lake la pili amelikosea. Wapo majirani wanaosema ningengoja zile siku mbili, watoto leo wangekuwa wamekaa juu. Huenda. Kuna asubuhi naamka na neno hilo limenikaa kifuani. Lakini mtu aliyejua kwamba watoto wanakaa sakafuni, akangoja apate maiti na kamera ndipo atoe, huyo simwombi radhi. Wala mwalimu mkuu simwombi.

Juzi amepiga simu. Eti mheshimiwa sasa ana nafasi, angependa kuja kupiga picha na familia sebuleni petu, kumuenzi mwalimu. Nikakata simu. Nikawaita wote wanaolala chini ya paa langu, mwanangu mkubwa akiwa wa kwanza, nikawaambia: "Akija, asikanyage ndani na asipewe hata maji. Ingieni kwenye gari lake, mmpeleke moja kwa moja darasa la kwanza, akae kwenye saruji na watoto mpaka kengele ya kutoka ilie."