Kozi ya bure kutoka ng'ambo iliyotufukuza kwa kusoma pamoja

Salaam wakuu. Haya niliyaona kwa macho yangu, Malindi, miaka ya themanini. Chumvi sikuitia.

Binti yangu amejiandikisha kozi kadhaa za bure za mtandaoni, za vyuo vya ng'ambo. Anasema dunia sasa ni darasa moja. Nilitabasamu, kwani nasi tuliwahi kuambiwa hivyo, kwa njia ya posta.

Ilikuwa kozi ya mapokezi ya hoteli, kutoka Ulaya, bure kabisa.

Binamu yangu Athman ndiye aliyeihitaji hasa. Meneja wa hoteli moja ya ufuoni alimwambia alete cheti kabla ya msimu wa watalii, kazi ni yake. Na Athman alikuwa ameshaposa.

Tulijiandikisha watano: Athman, mimi, jirani yetu Said na wenzetu wawili. Sanduku la posta moja.

Somo moja lilifundisha kumvua mgeni koti lenye theluji. Athman alijizoeza barazani kwao, kwa buibui la mamake, Bi Rehema.

"Nivue taratibu, mwanangu, theluji isinimwagikie!" mama akamwambia, na baraza zima likacheka.

Tulisoma kama tulivyozoezwa madrasa: mmoja asoma kwa sauti, wenzake waitikia, jibu lagombaniwa mpaka likubaliwe, kisha wote waandika jibu hilo hilo. Kwetu hiyo ndiyo elimu. Asomaye peke yake ana lake jambo.

Siku ya kujibu mtihani wa mwisho, swali la kwanza tu tukabishana: mgeni akilalamika, aanziwe wapi? Sisi tulisema aombwe radhi. Said akashikilia aulizwe kwanza namba ya chumba.

"Wewe mbishi wa kuzaliwa," Athman akamwambia.

"Nawe mchumba, akili utazipata ukishaoa."

Said akanuna, akakusanya karatasi zake, akaenda kumalizia kwao.

Matokeo yalipokuja, sisi wanne tulikuwa tumefutwa. Karatasi zetu zimefanana neno kwa neno. Huo, barua ikasema, ni udanganyifu.

"Udanganyifu?" Athman akapaza sauti. "Tumeketi barazani, mtaa mzima ukitusikia!"

Said alipata cheti, ingawa swali lile alilikosa. Kazi nayo akaipata, ile ile. Posa ya Athman ikaambiwa isubiri.

Said alipotuletea sahani ya halua, Athman aliingia ndani. Bi Rehema ndiye aliyempokea.

"Hongera, mwanangu. Ndiyo elimu ya hao, kila mtu na lake. Lau mngalinuniana nyote, mngalifaulu nyote."

Nilichojifunza, wakuu: mlango wa bure waweza kuwa wazi kweli, lakini umepimwa kwa kimo cha aliyeujenga. Waliotutumia masomo yale walikuwa wakarimu. Hawakuwaza tu kwamba wapo watu wasiojua kusoma bila wenzao.

Binti yangu husoma peke yake, na simu yake. Kozi ya kwanza ameshaiacha.

Nyinyi mliozimaliza kozi hizi, mlikuwa peke yenu, au mlikuwa na baraza? Nielezeni, nami nitasoma kila jibu.