Taa ya Kabatini

Pale kliniki ya meno wote walimwita Shangazi, hata wagonjwa waliomzidi umri. Aliingia kwa kufagia, na mpaka leo anafagia, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa tangi la kioo lililokaa mkabala na benchi la wagonjwa. Lilikuwa na maji ya chumvi, samaki saba na matumbawe, na mtu aliyekuja ameshika shavu, akilitazama, alisahau jino kidogo. Kusahau si kupona, lakini ni nusu ya dawa.

Siri ya tangi haikuwa juu. Ilikuwa chini, kabatini, katika tangi dogo la pili lisilozidi ndoo mbili. Humo Shangazi alikuza mwani, wa kijani, uliojisokota kama nywele zisizochanwa. Maji ya juu yalishuka kwa mpira, yakapita katikati ya mwani, pampu ikayarudisha. Samaki wakila, hunya, na uchafu huo ukizidi matumbawe hufa. Mwani uliula. Ulinenepa kwa uchafu wa wengine bila kusema neno, kama shangazi wa kila ukoo. Kila Jumamosi alikata konzi moja kwa mkasi, maana usipopunguzwa hujibana, ukaanza kujifia. Alichokata hakukiuza. Wenye matangi wana desturi yao: mwani mtu humpa mwenzake, naye akipata wa kutosha humpa mwingine. Muuza miwani wa mtaa wa pili aliupata kwake hivyo hivyo, kwenye kopo la maziwa.

Sharti la mwani ni taa. Mchana ililala, na kliniki ilipofungwa iliwaka mpaka asubuhi, matumbawe ya juu yakipumzika gizani.

Basi dada yake akaanguka, akavunjika nyonga, na Shangazi akaomba siku kumi na nne akamuuguze. Aliacha karatasi kwenye mlango wa kabati: chakula kiasi hiki, maji ya kuongezea kiasi hiki, na mwisho, kwa herufi kubwa, taa isizimwe. Akamsomea mwenyewe mpwa wa daktari, aliyekuwa ameletwa mwaka huo kuwa meneja. Meneja akaitikia kwa kichwa huku akitazama simu.

Siku aliyorudi, harufu ilimpokea mlangoni. Tangi lilikuwa limeota manyoya ya kijani kwenye mawe yote. Matumbawe yalikuwa yamejikunja, na samaki mmoja hakuonekana. Tarishi mstaafu aliyekuwa benchini akisubiri kung'olewa gego lake la mwisho akampa pole. Alisema meneja ameshawaeleza wote: yale majani ya Shangazi kabatini yameoza yakaharibu maji, ndiyo hasara ya kuachia mfagiaji kitu cha kitaalamu, lakini wasijali, Ijumaa inaletwa televisheni kubwa yenye picha za samaki.

Shangazi akapiga magoti, akafungua kabati. Mwani ulikuwa mweupe, umelegea kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Taa ilikuwa imezimwa. Juu ya swichi palikuwa na kipande cha utepe, na mwandiko wa meneja: USIWASHE.

Alibaki magotini muda mrefu kuliko magoti yake yalivyopenda. Uongo mtupu una nafuu yake, unamsuta aliyeusema, mkaachana. Lakini huu ulikuwa ukweli uliokatwa nusu. Mwani kweli ulioza. Aliyeuozesha ndiye aliyekuwa akisimulia.

Hakumtafuta meneja. Alibandua utepe, akaingia nao chumbani kwa daktari, aliyekuwa akinawa mikono baina ya mgonjwa na mgonjwa. Mpwa alikuwa hapo hapo na risiti ya televisheni. Shangazi akauliza nani alizima taa.

“Mimi,” meneja akasema, tena kwa majivuno. “Mjomba, ilikuwa inawaka usiku kucha ndani ya kabati. Nani anasoma humo?”

Daktari akatazama utepe, akatazama mpwa wake, akajifuta mikono kidole kwa kidole. Kisha akasema yaliyopita yamepita, watu wazima hawatafuti nani amekosea.

“Daktari,” Shangazi akasema, na sauti yake haikupanda, “hata jino bovu unalitaja kwa namba kabla hujaling'oa. Hili nalo litajwe.”

Maji ya bomba yakaendelea kutiririka mpaka daktari alipokumbuka kuyafunga. Akampa Shangazi mwezi mmoja wa kulifufua tangi. Televisheni ikifika, ikae kwenye boksi lake.

Jioni ile Shangazi akaenda kwa muuza miwani na kopo. Yule bwana hakuuliza mengi. Alikata konzi mbili nono. “Si wako huu?” akasema. “Umekuja tu kuwaona wajukuu.” Ndipo Shangazi akacheka, mara ya kwanza siku ile.

Alikomba uozo, akabadilisha maji ndoo kwa ndoo, akasugua mawe kwa mswaki. Taa sasa aliiwasha usiku na mchana, mpaka mwani ushike. Wiki ya tatu manyoya yakaanza kung'oka yenyewe. Ya nne, matumbawe ya manjano yakafunguka, na daktari akawatangazia wagonjwa kwamba kulikuwa na hitilafu ndogo, tumeirekebisha.

Hilo “tume-”, kana kwamba walifanya wote, lilimchoma kuliko harufu ya siku ile. Alingoja mpaka siku tarishi alipokuja kupima meno ya bandia. Benchi lilikuwa limejaa. Akamwita meneja, taratibu, kama anayeita mtu chai.

“Uliwaambia hapa. Waambie hapa.”

Meneja akatazama mlango wa mjomba wake. Ulikuwa wazi, na daktari alikuwa amesimama mlangoni. Meneja akawaambia, kwa sauti ndogo, kwamba mwani haukuoza wenyewe, kwamba aliachiwa maagizo na taa aliizima yeye. Tarishi, bila jino hata moja mdomoni, akamwambia aseme kwa nguvu, masikio yake ndiyo mabovu zaidi. Akarudia.

Shangazi hakumshukuru. Ilikuwa Jumamosi, alichukua mkasi, akapiga magoti kabatini kuukata mwani. Meneja akainama nyuma yake kutazama, labda kwa haya, labda kweli alitaka kuona.

“Sogea, mwanangu,” akamwambia. “Unauzibia mwanga.”