Visheti vya Jumanne

Mpaka leo nikipita mbele ya ule ukumbi moto unaniwaka kifuani. Wenyewe ni kijumba tu cha matofali mekundu, nyuma ya kanisa, na ubao wa matangazo mlangoni. Kwa anuani ni London. Kwa macho ni shamba. Basi moja kwa saa, farasi uwanjani, kibanda cha simu kilichogeuzwa kabati la vitabu. Kaunsili ilitutoa Barking ikatuleta huku, mie na mama yangu, kwa sababu huku ndiko ilikopatikana nyumba isiyo na ngazi. Magoti ya mama hayataki ngazi.

Barking mama alikuwa na watu. Hafiki dukani bila kusalimiwa mara tatu. Huku, wallahi, zilipita wiki tatu hajasikia Kiswahili ila changu, na changu kilikuwa kinarudi kutoka kazini kimechoka. Ndipo niliposikia kuwa kila Jumanne ukumbi hufunguliwa kwa ajili ya wazee, asubuhi mpaka adhuhuri. Hita inawashwa, chai ipo, atakaye acheze karata, atakaye akae tu. Nikampeleka. Akapata kiti chake karibu na hita, na bibi mmoja kiziwi wa kukaa naye. Hawaelewani hata neno moja, na wanacheka mpaka wanafuta machozi. Kila Jumatatu mama akawa anapiga pasi buibui lake. Wiki yake nzima ilikuwa hiyo Jumanne.

Kwenye ujia wa kuingilia kuna meza. Mtu akivuna kupita mahitaji yake huleta pale: matufaha, maboga, jamu, na keki pia. Anayetaka anachukua. Mwezi wa tisa katibu wa ukumbi, mwanamke wa makamo, akamjazia mama matufaha kwenye bakuli jeupe lenye ukingo wa buluu, akasema bakuli lirudi akipata nafasi. Nikamfasiria mama. Tangu saa ile akakosa raha.

"Chombo cha watu hakirudi kitupu," akasema. "Watatuona hatukufunzwa."

Jumatatu akasimama kwenye mafuta ya moto na magoti yake yale yale, akakaanga visheti, akavitia shira, nyumba nzima ikanuka iliki. Jumanne nikambebea bakuli. Nikamkalisha kitini, nikarudi kwenye ujia niliweke mezani. Katibu akanishika mkono.

Yule mwanamke ana upole wa kukuua. Kwa sauti ya chini akaniambia kwamba vinapendeza sana, lakini kamati hairuhusu chakula kilichopikwa nyumbani, mambo ya afya, mambo ya watu wenye mzio, bila shaka nitaelewa. Je, mama yangu hatochukia? Nikaitazama meza. Keki tatu zile pale, zimekatwa, hazina hata kikaratasi. Jamu imeandikwa kwa kalamu ya risasi. Kwani hizo zimepikwa wapi, kiwandani?

Na nikwambie kinachoniuma zaidi. Kazi yangu mie ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na mmoja wao ni mama yake huyo huyo katibu. Kila asubuhi namwogesha, namvisha, namlisha uji kwa kijiko. Mkono wangu ni safi kwa kinywa cha mama yake, mkono wa mama yangu si safi kwa meza yake. Khaa!

Maneno hayo yote nilikuwa nayo mdomoni. Unajua nilisema nini?

"Hapana, hatochukia. Naelewa."

Ati naelewa! Niliogopa kupunguziwa kazi. Niliogopa mama asije akakikosa kiti chake. Nikavimimina visheti kwenye mfuko wa plastiki, nikausokomeza kwenye mkoba wangu wa kazi, na kituo cha basi nikavitupa kwenye pipa. Neema ya Mungu hiyo, na jasho la mama yangu.

Adhuhuri nilipokwenda kumchukua nikakumbuka kuwa bakuli bado ninalo mkobani, na mama ataliulizia. Nikachota matufaha pale mezani, nikalijaza.

"Wamekula?" akaniuliza hata hatujatoka mlangoni.

"Wamekula vyote, mama. Tena wamekujazia."

Jamani, kuna mjinga kama mie? Bakuli limerudi limejaa, sasa mama afanye nini? Jumatatu ya pili akasimama tena kwenye mafuta. Na ya tatu. Yeye anajaza visheti, mie natupa. Mie najaza matufaha, yeye anaona haya asipolipa. Matufaha yakatushinda, tukayaweka hadi chini ya kitanda. Jumatatu moja mafuta yakamrukia mkononi. Nikamwambia aache, basi. Akapaka asali, akashika kijiko.

"Watu wanangoja," akasema.

Nikaingia chooni nikajifungia, nikalia kwa hasira. Hakuna aliyekuwa anangoja ila pipa.

Kamati nayo ikabandika karatasi mlangoni, picha ya sahani iliyopigwa mstari mwekundu. Mama Kiingereza hajui, lakini macho anayo.

"Hii inasema nini?"

"Inasema mbwa wasiingie."

Akaniangalia. "Mbwa wa huku wanakaa kwenye sahani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumanne moja nilichelewa basi, nikakimbia, nikasahau kutupa. Kesho yake mama akafungua mkoba wangu atoe sare akaifue. Nilimkuta amekaa jikoni, mfuko uko mbele yake mezani, visheti vimegandana na glavu zangu za kazi.

"Hivi ni vyangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ni vya jana tu, au?"

Sikuweza tena. Nikamweleza yote, tangu siku ya kwanza. Nilitaka anitukane, Mungu shahidi, ningepumua. Akaniuliza moja tu: zile keki zao zinapikwa wapi. Nikamjibu majumbani mwao. Akawa anabandua visheti kwenye glavu kimoja kimoja.

"Wale hawanijui," akasema mwisho. "Wewe unanijua. Kila Jumanne nimekaa pale najiona nimewakirimu watu. Kumbe nimekaa tu."

Jumatatu buibui halikupigwa pasi. Jumanne nikamuuliza kama hatwendi.

"Mie siendi. Heshima si utumwa. Chukua bakuli la watu, lioshe, ulirudishe."

Nikaanza kutafuta cha kutia. Mayai yalikuwepo, ndimu zilikuwepo.

"Usitie kitu."

"Tupu, mama?"

"Tupu."

Umri wangu wote sijapata kumwona mama akirudisha chombo kitupu. Kulikuwa na jirani Unguja ambaye mama hakusemezana naye mwaka mzima, na sahani yake ilirudi na ndimu mbili.

Nikaenda. Na safari hii nilisema. Keki nilizisema, mkono niliusema, mama yake na uji wake niliwasema, kwa sauti, mpaka wacheza karata wakasimamisha mchezo. Katibu akawa mwekundu hadi masikioni.

"Lakini nilikuuliza," akasema. "Ulisema mama yako hatochukia."

Na kweli aliniuliza. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Kule ndani, karibu na hita, yule bibi kiziwi alikuwa ameweka mkoba wake juu ya kiti cha mama, amemshikia nafasi, jicho liko mlangoni.

Nikaliweka bakuli mezani. Katibu akaliinua, akalitazama ndani. Uso ukamrudia, akatabasamu.

"Limeng'aa," akasema. "Asante sana kwa kulirudisha."

Tusi kubwa kuliko yote aliyonayo mama yangu, na mwenyewe amelipokea kwa shukrani.

Nyumbani mama alikuwa amekaa dirishani na buibui lisilopigwa pasi magotini.

"Wamesemaje?"

"Wamesema asante."

Akanikazia macho, anautafuta uongo usoni kwangu. Safari hii haukuwepo.