Uso wa Kwenye Bango

Mjomba wangu, mchoraji wa mabango, alijua kuchora kila kitu ila vidole. Ndiyo maana waendesha pikipiki wake wote walivaa glavu. Tukimtania kwa hilo alicheka nasi. Kitu kimoja tu hakikutaniwa mbele yake: bango la mbio za barabarani lililotundikwa sebuleni kwetu. Humo baba yangu kalaza pikipiki kwenye kona, goti karibu na lami, kichwa wazi, anatuangalia na kucheka. Bango hilo lilitoka wiki ile ile aliyoanguka mazoezini, na mbio zikafanyika bila yeye. Mjomba akija kwetu, alichagua kiti kilichogeuzia bango mgongo.

Alikuja kila Jumamosi kumnyoa Baba ndevu, maana tangu ajali mkono wa Baba unatetemeka na maneno yake hutoka moja moja. Kwa miaka thelathini na moja hakukosa. Majirani walisema shemeji wa namna hii hapatikani, naye akisikia sifa hizo alinywea. Sisi tulidhani ni unyenyekevu.

Siku ya ajali Baba haikumbuki. Anajua alichoambiwa na Mjomba, aliyekuwa naye peke yake asubuhi ile: helmeti ilichomoka kwa sababu hakuifunga vizuri. Mama akiudhika humkumbusha, "Mtu mzima, mkanda mmoja tu umekushinda." Baba huinamisha kichwa. Kila akitoka hufunga kamba za viatu kwa dakika tano nzima, kisha huniuliza, "Nimefunga?" Mimi huinama nikakagua, huku nacheka. Naona haya kuandika hilo la kucheka.

Mwaka huu watu fulani wakaamua kurudisha mbio zile, kwa pikipiki za zamani tu, na wakataka bango lilelile. La kwetu lilikuwa limeliwa na unyevu, basi Mjomba akaombwa achore jipya. Alilileta Jumamosi likiwa bado linanuka tapentaini, akaliegemeza ukutani, akaanza kunyoa. Tanki jekundu lilelile, kona ileile. Lakini safari hii kulikuwa na helmeti, miwani mikubwa, na kitambaa hadi puani.

Baba aliliangalia sana, shavu moja likiwa bado na povu.

"Shemeji. Uso wangu... uko wapi?"

"Mambo ya usalama, shemeji. Siku hizi wanakagua."

"Bango... halianguki."

Mama akacheka mlangoni. "Huyo hata helmeti ya kuchorwa ataifunga vibaya."

Mjomba akaweka wembe chini. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa ndefu, na alikuwa ameichoka.

"Siku ile haikuwa kichwani," akasema. "Nilikuwa nayo mimi, mkononi. Bango lilikuwa limenishinda, sikuupata uso wako. Nikakuomba upite kwenye kona mara moja bila helmeti, nikuone. Ulikataa mara mbili, shemeji. Ya tatu ukanipa nikushikie. Nikakwambia, 'Niangalie, cheka.' Ukaniangalia mimi, hukuangalia barabara."

"Hospitali waliponiuliza, niliona aibu, nikasema imechomoka. Nikarudi nikamalizia bango, maana uso nilikuwa nimeshaupata. Kila Jumamosi nakuja nimepania kusema, naishia kunyoa."

Nikageuka kuliangalia lile bango la zamani. Nimelipenda tangu utotoni, nimewaonyesha marafiki zangu wote. Kicheko kile kilikuwa cha kumfurahisha Mjomba, naye alikuwa amesimama pale pale ninaposimama mimi kukitazama.

Baba akasema, "Kumbe... nilijua kufunga."

Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake. Alimtazama Mama, na Mama akatazama sakafu. Mjomba akashika tena wembe, lakini Baba akachukua taulo, akafuta povu mwenyewe, ndevu zikiwa nusu, akavuta viatu vyake. Mkono ulitetemeka kama kawaida. Mjomba alinyoosha wake kumsaidia, akaurudisha. Kamba ya kushoto, kisha ya kulia.

Mimi nilikuwa nimeshainama kukagua, kwa mazoea. Baba akanizunguka, akatoka nje bila kuniuliza.