Perle zangu zimekuwa shapele ya mama

Leo nimekuta mama anasali na uchafu wa usine, kiwanda cha shaba, mukononi. Musicheke.

Munajua mémoire yangu, utafiti wa kumaliza chuo.
Nachanganya jeli na udongo, nadondosha matone, yanakuwa tuperle tulaini.
Nikatulaza ndani ya maji ya mufereji wa Panda yenye kutoka usine, tuperle tukanyonya shaba pole pole, maji yakabaki meupe.

Asubuhi nikatuweka kwa dirisha. Kijani, kama kitu cha ndotoni.
Nikaaga: "Mama, usitupe perle zangu."

Kule labo tunaziita vile. Mama yeye alisikia ushanga, wa kutunga shapele ya kusalia rozari.

Narudi, ametoboa zote na sindano, ametunga ku uzi, macho amefunga, Salamu Maria.

"Mama, iyi ni sumu. Unawe mikono."

Akainua uzi mbele ya mwanga, akautazama sana.
"Ni rangi ya mashati ya marehemu papa yako, ya kazi ya usine. Miye nilizifua miaka yote, rangi haikutoka hata siku moja. Niache nimalize."

Nikakaa karibu yake, nikaitikia. Kisha akanawa.

Lundi, Jumatatu, jury ya walimu wa chuo itaniuliza zile perle zilisafisha nini.
Mungekuwa miye, mungejibu nini?